Carroll Shelby: mfuga kuku wa Texas aliyeijua kazi ya tairi

Nyumba nyingi za watu wetu, iwe Maskati, Sharjah, Doha au hapa Fort Worth nilipo kwa wanangu, zina ugomvi mmoja. Kijana kapata gari, na kitu cha kwanza anachotaka ni rimu kubwa. Baba anaona pesa zinatupwa. Kijana anaona baba kapitwa na wakati. Mama yuko katikati, anachotaka yeye ni mtoto arudi nyumbani salama. Basi leo nawaletea maisha ya mtu ambaye wote watatu wangefaa kumjua. Jina lake mnaliona ubavuni mwa Mustang zinazopita barabara za Dubai: Shelby. Wengi wanadhani ni jina la aina ya gari tu. Kumbe lilikuwa jina la mtu, mtoto wa tarishi, mgonjwa wa moyo tangu utotoni.

Carroll Shelby alizaliwa tarehe 11 Januari 1923 katika kijiji cha Leesburg, mashariki ya Texas. Baba yake alikuwa akipeleka barua mashambani. Alipofika umri wa miaka 7 ikaonekana kwamba vali ya moyo wake inavuja. Kwa zama zile hapakuwa na upasuaji wa kumsaidia. Mtoto aliambiwa apumzike, akawa anakaa kitandani siku nyingi wakati wenzake wanacheza nje. Baadaye familia ikahamia Dallas, mji ulio karibu sana na Fort Worth, kiasi kwamba siku hizi huoni mmoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi. Alisoma skuli ya sekondari ya Woodrow Wilson, akamaliza 1940. Moyo ulitulia kidogo alipokua, na yeye akasahau kabisa kuwa ni mgonjwa. Au alijifanya kusahau, Mungu ndiye ajuaye.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja aliingia jeshi la anga. Hakupelekwa ng'ambo. Alibaki Marekani akifundisha marubani na kujaribu ndege. Wakati huo alikuwa na mchumba wake, Jeanne, na inasimuliwa kwamba barua zake alizitia ndani ya viatu vyake vya urubani na kuzidondosha kutoka angani juu ya shamba la kina binti. Walioana mwezi wa Desemba 1943. Nyie vijana wa WhatsApp, mnasikia?

Vita vilipokwisha, Shelby alikuwa na mke na watoto, na kazi hana. Alijaribu biashara ya malori ya kubeba mchanga, akafanya kibarua kwenye visima vya mafuta, halafu mwaka 1949 akaanza kufuga kuku wa nyama. Kundi la kwanza lilimpa faida ya dola 5,000, na hizo zilikuwa pesa nyingi. Akaongeza mtaji. Kundi la pili likapata maradhi, kuku wakafa wote, na yeye akafilisika. Hapo alikuwa mtu wa miaka ishirini na kitu, mwenye moyo mbovu, asiye na kitu mfukoni. Nawaambieni hili kwa sababu tunapenda kusoma habari za watu waliofaulu tukaruka kurasa za kuku waliokufa.

Mbio za magari alizianza kwa kuazima. Mwaka 1952 rafiki yake alimpa gari dogo la Kiingereza, MG TC, na kwa gari hilo akashinda huko Norman, Oklahoma. Siku ile ile akaliingiza katika mbio za magari makubwa zaidi, wakiwemo Jaguar XK120, akawashinda nao. Watu wakashangaa. Jaguar lina nguvu zaidi kwa mbali sana. Sasa hebu tusimame hapa kidogo, maana ndipo somo letu linapoanzia. Katika njia iliyonyooka mwenye injini kubwa hutangulia. Katika kona mambo hubadilika. Kona inataka gari lishike lami, lisiyumbe, na dereva ajue wapi mwisho wa mshiko wake. Shelby alilijua hilo kwa matako na mikono yake kabla hajalijua kwa hesabu.

Mwezi wa Agosti 1953 yalifanyika mashindano hapa Fort Worth, katika uwanja wa ndege wa kijeshi wa Eagle Mountain, upande wa kaskazini magharibi ya mji. Agosti ya Texas haina tofauti kubwa na ya kwetu Oman, jua linachoma mpaka lami inalainika. Shelby alitoka moja kwa moja shambani kwake, hakupata wasaa wa kubadilisha nguo, akaingia ndani ya gari la Allard lenye injini ya Cadillac huku amevaa ovaroli ya mistari ya mfuga kuku. Wenzake walikuwa watoto wa matajiri, wamevaa nguo safi za michezo. Picha ya yule mkulima ndani ya gari la mbio ikavutia watu kuliko mbio zenyewe. Yeye naye akaona, aa, kama hivi ndivyo, basi nitavaa ovaroli siku zote. Tokea hapo ikawa alama yake. Mtu mwengine angeona haya, yeye aibu aliigeuza mtaji.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Kampuni ya Aston Martin ya Uingereza ilimchukua. Mwaka 1954 alipata ajali mbaya huko Mexico katika mbio za Carrera Panamericana, akavunjika mkono. Mwaka uliofuata alishindana akiwa na plasta, kiganja kimefungwa kwenye usukani kwa utepe. Sisemi kwamba ni jambo la kuigwa. Mwaka 1956 na 1957 gazeti la Sports Illustrated lilimtaja kuwa dereva bora wa mwaka. Akafungua duka la magari ya michezo mjini Dallas. Na mwezi wa Juni 1959, yeye na Mwingereza Roy Salvadori walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa gari la Aston Martin DBR1. Mbio hizo ni za kushindana na usingizi, na breki, na matairi. Mwenye kukimbia ovyo mapema huwa hamalizi.

Lakini moyo haukusahau kama alivyosahau yeye. Mwaka 1960 maumivu ya kifua yalikuwa yakimjia ndani ya mbio. Alikuwa akiweka vidonge vya nitroglycerin chini ya ulimi na kuendelea kuendesha. Mwaka ule ule akaacha. Alikuwa na miaka 37. Kila alichokijua maishani kilikuwa ndani ya lile gari, na daktari anamwambia basi.

Watu wengi hapo wangekaa barazani kusimulia ya zamani. Shelby alifanya mambo mawili. Alifungua skuli ya udereva wa mbio huko Riverside, California, na akachukua uwakala wa kuuza matairi ya mbio ya Goodyear kwa majimbo ya magharibi ya Marekani. Hili la pili watu hawalitii maanani, wanaliona biashara ya kujikimu tu. Mimi naona lilimfaa sana. Mtu anayeuza matairi ya mbio hukaa na madereva na mafundi kila wiki. Anaona tairi lililolika upande mmoja, lililopasuka kwa joto, lililojazwa upepo kupita kiasi. Anajua gari lililolala vizuri na gari linalopigana na dereva wake. Hiyo ilikuwa chuo kikuu chake.

Mwaka 1961 alisikia kwamba kampuni ndogo ya Kiingereza, AC, imebaki na gari zuri jepesi lakini injini yake haitatengenezwa tena. Akasikia pia kwamba Ford wametoa injini mpya ya V8, ndogo na nyepesi. Akawaandikia AC, akazungumza na Ford, akawakutanisha. Mwezi wa Februari 1962 bodi ya kwanza ilifika California kwa ndege, na mafundi waliitia injini kwa muda wa saa chache tu. Ndiyo Cobra. Gari lilikuwa moja tu, kwa hiyo kila alipompa mwandishi wa gazeti jengine kulijaribu, alilipaka rangi nyengine, ili watu wadhani yapo mengi. Ujanja wa sokoni huo. Gari lile lile la kwanza liliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75.

Cobra za mwanzo zilikuwa na rimu nyembamba za spoku na springi za mtindo wa zamani. Injini ilikuwa na nguvu kuliko miguu. Shelby na timu yake hawakuharakia kuongeza injini tu. Walibadilisha mfumo wa usukani, wakatia rimu pana za magnesi kwenye magari ya mbio, wakapanua mabawa ya bodi ili matairi mapana yaenee. Ilipokuja Cobra yenye injini kubwa ya inchi za ujazo 427, mwaka 1965, fremu nzima ilitengenezwa upya, mabomba yake yakawa mazito zaidi na springi zikawa za koili. Ya mbio ilikuwa na rimu za upana wa inchi 7 na nusu mbele na 9 na nusu nyuma. Angalieni: kipenyo kilikuwa inchi 15 tu. Leo kijana anataka inchi 22. Shelby, mwenye gari kali kuliko yote, alitosheka na 15, akacheza na upana, na springi, na breki.

Mwaka huo huo wa 1965 alitoa Mustang yake ya kwanza, GT350. Mustang ya kawaida ilikuwa gari la kwendea sokoni, na rimu zake zilikuwa za inchi 13 au 14. Yeye akatia za 15 na matairi ya Goodyear yaliyoweza kustahimili mwendo wa maili 130 kwa saa, yaani kiasi cha kilomita 209. Akashusha mahali mikono ya mbele inapofungwa, akatia breki za diski mbele, na shokapu ngumu. Injini nayo aliigusa, ndiyo, lakini kazi kubwa ilikuwa chini. Gari la kwendea sokoni likawa gari la mbio, na kila kilichobadilishwa kiliendana na chenzake.

Sasa nizungumze na vijana, kama nilivyokuwa nikisema darasani. Tairi lina namba ubavuni, na namba hizo ni hesabu. Chukua 205/55R16. Upana ni milimita 205. Kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani kama milimita 113. Rimu ni inchi 16. Ukijumlisha vyote, urefu wa gurudumu zima kutoka chini mpaka juu ni kama milimita 632. Ukitaka rimu ya 17 kwa gari hilo hilo, tafuta tairi la 225/45. Ubavu unakuwa kama milimita 101, na gurudumu zima kama milimita 634. Tofauti ni milimita mbili tu na ushei. Mshale wa spidi unabaki mkweli, gari linashika kona vizuri zaidi kwa sababu ubavu mfupi haupindi sana, na tairi halikwaruzi bodi.

Lakini ukitia 225/55 juu ya rimu ile ile ya 17, gurudumu linakuwa kama milimita 679. Dashibodi inakwambia unakwenda 100, kumbe unakwenda zaidi ya 107. Breki zinabeba mzigo zaidi, gari linakaa juu zaidi. Na kila unapozidisha ukubwa wa rimu na kupunguza ubavu, kuna bei unayolipa. Rimu nzito hufanya gurudumu liwe gumu kufuata mashimo. Ubavu mwembamba hauna nafasi ya kunyonya pigo, kwa hiyo shimo moja hupinda rimu au hupasua tairi. Rimu inayotokeza nje sana huchosha beringi na kuufanya usukani uvute.

Kwa huko Ghuba mna adui wa ziada, nalo ni joto. Tairi lenye upepo mdogo hupinda sana ubavuni, kule kupinda huzalisha joto, na juu yake lipo joto la lami. Hapo ndipo tairi linapasuka katikati ya safari ya Maskati kwenda Salalah, na gari limejaa watoto. Angalieni pia namba ya uzito inayofuata ukubwa, na herufi ya mwendo: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Halafu namba nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa dukani na huku limeshazeeka. Vipimo vyote vya gari lenu vimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Turudi kwa mtu wetu. Ford walitaka kuwashinda Ferrari huko Le Mans, wakashindwa 1964 na 1965 kwa magari yao ya GT. Kazi alipewa Shelby baada ya kushindwa kwa 1964. Mwaka 1966 walikamata nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika mbio hizo, gari la Bruce McLaren na Chris Amon lilianza kwa matairi ya Firestone kwa sababu ya mkataba wa McLaren. Matairi yakaanza kumeguka vipande. Wakabadilisha, wakatia Goodyear kama wenzao wa timu, na gari hilo ndilo lililopewa ushindi. Tajiri mkubwa wa Marekani alimwaga mamilioni ya dola, na mwishowe mambo yalitegemea mpira mweusi unaogusa lami, sehemu yenye ukubwa wa kiganja tu kwa kila gurudumu.

Ushindi ule ulikuwa na uchungu ndani yake. Ken Miles, dereva na fundi wa Shelby aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kulirekebisha gari lile, aliambiwa apunguze mwendo ili magari yafike pamoja kwa ajili ya picha, na kwa hesabu za waamuzi akakosa nafasi ya kwanza. Miezi miwili baadaye, Agosti 1966, alikufa akijaribu gari jengine huko Riverside. Shelby alibeba majuto ya uamuzi ule mpaka uzeeni. Mwaka 1967 timu yake ilishinda tena Le Mans, safari hii kwa madereva wawili Wamarekani, Dan Gurney na A. J. Foyt, huyu wa pili mtoto wa Houston, mji wa pili wa Texas wenye watu wetu wengi.

Baada ya hapo mambo yakapoa. Shelby aliachana na Ford, na katika miaka ya 1970 akawa anakaa sehemu ya mwaka Afrika, akifanya biashara ya kuwapeleka watu kuwinda. Miaka ya 1980 rafiki yake wa zamani Lee Iacocca alimwita afanye kazi na Dodge. Hakuwa malaika. Alioa na kuacha mara nyingi, na aligombana na watu mahakamani juu ya jina lake na magari yake. Hayo nayasema kwa sababu maisha ya mtu yakisimuliwa nusu, hayafundishi.

Mwaka 1990 ule moyo wa tangu Leesburg ulifika mwisho. Alipandikizwa moyo wa mtu mwengine, kijana aliyefariki kwa ghafla. Mwaka uliofuata aliongoza gari la kufungulia mbio za Indianapolis 500, na pia alianzisha taasisi ya kusaidia watoto wanaohitaji kupandikizwa viungo. Mwaka 1996 alihitaji figo, na mtoto wake Michael akampa yake. Yule aliyekuwa akitafuta nguvu za farasi duniani kote, uhai wake ulishikwa na moyo wa kijana asiyemjua na figo ya mwanawe.

Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Carroll Shelby alifariki Dallas tarehe 10 Mei 2012, akiwa na miaka 89, mwendo wa gari wa kiasi cha saa moja kutoka ule uwanja wa Fort Worth alikoingia na ovaroli. Daktari wa utotoni angeshangaa.

Kijana akikwambia anataka rimu kama za Shelby, usimkatalie moja kwa moja, na usimpe pesa moja kwa moja. Kaa naye, mchukue karatasi, mpige hesabu ya ubavu na rimu pamoja. Hesabu ikikubali, atakuwa na gari zuri na atakuwa amejifunza kitu. Ikikataa, ataona mwenyewe, na hatakuona wewe ni adui. Halafu mwende wote wawili mkapime upepo, maana hicho hakina gharama, na ndicho kinachowarudisha watu nyumbani.